Kila Desemba mume wangu hutuendesha usiku kucha hadi Kilimanjaro: nizungumze naye vipi?

Swali

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka saba na mwingine ametimiza miwili, na tunaishi Kimara, jijini Dar es Salaam. Mume wangu ni mwenyeji wa Rombo, mkoani Kilimanjaro, na kama ilivyo desturi ya watu wa kwao, kila Desemba ni lazima tufike nyumbani kwa wazee kabla ya Krismasi. Safari hiyo naipenda, wakwe zangu nawapenda, na watoto huanza kuiulizia mara tu shule zinapofungwa. Ninachokiogopa ni barabara, au niseme kwa ukweli zaidi, naogopa namna mume wangu anavyobadilika akishika usukani wa safari ndefu.

Hapa mjini ni dereva mtulivu kabisa. Hanywi pombe, hagombani na bodaboda, na sijawahi kumwona akipita kwenye zebra wakati watu wanavuka. Lakini safari ya Desemba huipanga kwa namna ileile kila mwaka. Siku ya kuondoka huamka saa 11 alfajiri na kwenda kazini kama kawaida, hurudi jioni, tunapakia mizigo, na ikifika saa 2 usiku tunaanza safari ili asubuhi tukanywe chai kwa mama yake. Anasema usiku barabara ni nyeupe, hakuna joto, na matrafiki wenye tochi za kupimia mwendo ni wachache.

Tukishaipita Chalinze anaanza kuhesabu magari aliyoyaacha nyuma. Mwaka jana, mbele ya Mombo, alitoka kulipita lori moja, akakuta mbele yake kuna malori mengine mawili yamefuatana, akaamua kuyamaliza yote kwa pamoja. Basi lililokuwa likija mbele yetu lililazimika kushusha matairi nje ya lami ili litupishe. Nilipiga kelele, naye akaniambia kwamba kelele zangu ndizo zingetuua. Baadaye, kabla ya kufika Same, gari lilianza kuhama taratibu kuelekea kushoto mpaka nikasikia kokoto chini ya matairi. Nilimwita kwa jina. Akasema hakuwa amelala, alikuwa akifikiri.

Mtoto mdogo nampakata mwenyewe kwenye kiti cha mbele kwa sababu nyuma kunajaa mizigo, na mkubwa hulala juu ya mabegi. Nimewahi kumwambia kwamba jambo hili halinipi amani, lakini kila nikilizungumza tukiwa njiani hunyamaza kisha huongeza mwendo. Nilimgusia mama mkwe, akanijibu kwamba mwanamume hafundishwi njia ya kwao na mkewe. Mimi sina leseni, na hilo hukumbushwa kila ninapofungua mdomo.

Naomba unishauri, Shangazi. Nizungumze naye vipi asione kuwa namvunjia heshima? Ni mambo gani hasa nimweleze, maana neno "punguza mwendo" peke yake halimwingii? Na je, itakuwa vibaya nikikataa kupanda gari pamoja na watoto?

Mama wa Wawili, Kimara

Jibu

Marahaba, mwanangu.

Katika barua yako yote, jambo lililonisimamisha ni lile uliloliandika kama la kupita tu: kwamba siku ya safari mumeo huamka saa 11 alfajiri na kwenda kazini kama kawaida. Wewe unaihesabu hatari kuanzia Chalinze, pale anapoanza kuyapita magari. Mimi naihesabu kuanzia alfajiri hiyo. Yote yaliyowakuta mbele ya Mombo na karibu na Same yalikwisha kuandaliwa kabla ya ufunguo kuingia kwenye gari, kwa sababu yanatokana na ratiba ya safari yenyewe: mtu aliyechoka, muda uliobana, giza, na mama anayesubiri na chai. Ndiyo maana kumwambia "punguza mwendo" mkiwa njiani hakukusaidii. Wakati huo kilichobaki mkononi mwake ni saa chache na kilomita zaidi ya 500, na kila anachokifanya anakifanya ili hesabu hiyo itimie.

Tuanze na usingizi, kwa kuwa ndio unaoniogopesha kuliko mwendo. Umesema hanywi pombe, na ninaamini kwamba yeye mwenyewe, kwa sababu hiyo, anajiona kuwa dereva salama. Basi mweleze jambo ambalo watafiti wa usingizi wamelipima na kulithibitisha: mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo hupungukiwa wepesi wa kuona na kuamua kwa kiwango sawa na mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu yake, na akifikisha saa 24 hulingana na mtu mwenye asilimia 0.10. Sasa pigeni hesabu pamoja. Aliyeamka saa 11 alfajiri anafikisha saa 17 ifikapo saa 4 usiku, yaani mkiwa bado hamjafika mbali na Dar es Salaam, na anafikisha saa 24 alfajiri inayofuata, wakati mnaikaribia Mwanga au Himo huku watoto wamelala. Mume wako asiyegusa chupa huwaendesha usiku mzima katika hali ambayo angeikemea kwa dereva mwingine yeyote.

Lile gari kuhama kuelekea kushoto kabla ya Same halikuwa fikra, mwanangu. Mwili uliochoka huiba usingizi wa sekunde chache hata macho yakiwa wazi, na mara nyingi mwenyewe hajui kwamba umeibwa, kwa hiyo sidhani kama mumeo alikudanganya. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, sekunde nne za namna hiyo ni zaidi ya mita 110 ambazo gari limekwenda bila dereva. Kipande kile cha barabara kinachofuata safu ya milima ya Upare kimenyooka kwa muda mrefu na hakina mambo mengi ya kumwamsha mtu, na saa mnazopita hapo, kati ya saa 8 usiku na saa 12 asubuhi, ndizo ambazo mwili wa kila mwanadamu unadai usingizi kwa nguvu kuliko saa nyingine yoyote. Kufungua kioo, kuongeza sauti ya redio na kujimwagia maji usoni huchangamsha kwa dakika chache tu kisha uzito unarudi. Dalili za kuziangalia ni miayo isiyokoma, kope nzito, kutokumbuka mlipita wapi dakika tano zilizopita, na gari kuyumba ndani ya njia yake. Ukiona hata moja, tiba ni kusimama mahali penye taa na watu, kama kituo cha mafuta, dereva anywe kahawa kisha alale kwa dakika 15 hadi 20, kwa maana kahawa huchukua karibu nusu saa kufanya kazi na atakapoamka itakuwa imeanza kumsaidia. Msisimame kando ya lami gizani, kwa sababu gari lililosimama hapo ni mtego kwa wengine na kwenu. Hata hivyo, usingizi wa dakika 20 humfikisha mtu kwenye kituo kinachofuata tu. Hauwezi kuwa badala ya usiku mzima uliopotea.

Na hiyo hoja ya barabara nyeupe usiku ilikuwa na uzito zaidi zamani. Tangu mabasi ya mikoani yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, baada ya marufuku iliyodumu kwa miongo mingi, barabara hiyo ina mabasi, ina malori ya mizigo yanayokwenda kaskazini na hata kuvuka mpaka kuingia Kenya, na katika wiki ya Krismasi ina maelfu ya familia zenye wazo lilelile alilonalo mumeo.

Sasa nikuambie kuhusu kupita magari, maana hapo ndipo namba zinaweza kumgusa mtu anayejiamini. Chukulia lori lenye tela, urefu wake mita 17, linakwenda kilomita 60 kwa saa, na gari lenu linalipita kwa kilomita 90. Dereva akianza akiwa mita 25 nyuma ya lori, na akirudi kushoto akiwa ameliacha mita 25, atahitaji zaidi ya sekunde 8 kukamilisha. Katika sekunde hizo gari lenu limekwenda takriban mita 210 upande usio wake, na basi au gari dogo linalokuja kwa kilomita 100 limesogea karibu mita 230. Maana yake ni kwamba kulipita lori moja tu kunahitaji karibu nusu kilomita ya barabara tupu inayoonekana, kabla hujaongeza hata hatua moja ya tahadhari. Kwa malori matatu yaliyofuatana kwa nafasi za kawaida, hesabu hiyohiyo inafika karibu kilomita nzima. Hakuna taa ya gari dogo inayoonyesha kilomita nzima ya barabara, na mtu akitazama taa mbili zinazokuja gizani hawezi kupima kwa uhakika ziko umbali gani wala zinakuja kwa kasi gani. Mumeo hakupima, alibahatisha, na aliyewaokoa ni dereva wa lile basi aliyekubali kushuka kwenye lami.

Kanuni ninayomwomba aichukue ni hii: usiku, lori moja kwa wakati mmoja, tena pale tu ambapo barabara imenyooka, mstari wa kati umekatika, na mbele hakuna taa yoyote. Akikuta msururu, abaki nyuma yake kwa nafasi ya kutosha mpaka pafunguke penyewe. Tena asikabidhi uamuzi wake kwa indiketa ya dereva wa lori. Katika barabara zetu ni kawaida dereva wa lori kuwasha indiketa ya kushoto kumaanisha "pita" na ya kulia kumaanisha "subiri", na wengi hufanya hivyo kwa wema, lakini indiketa hiyohiyo inaweza kumaanisha kwamba anakata kona kweli, na hata anayekuruhusu hajui gari lako lina nguvu kiasi gani.

Kuhusu mwendo wenyewe, nina mfano ambao nimeona unawaingia wanaume wengi kuliko vitisho. Magari mawili yanakwenda sambamba kwenye lami kavu, breki zote nzuri, moja likiwa na kilomita 100 kwa saa na jingine 120. Mbele yao anatokea ng'ombe, au lori lililokufa bila alama. Kila dereva anachukua sekunde moja na nusu kutambua na kukanyaga breki. Gari la kwanza litasimama baada ya takriban mita 97. Mahali hapo ambapo la kwanza limesimama kabisa, la pili bado linakwenda kwa zaidi ya kilomita 70 kwa saa, na kwa mwendo huo ndipo litakapogonga. Faida aliyokuwa akiitafuta mwenye 120 ilikuwa dakika 10 katika kila kilomita 100.

Kisha ulinganishe umbali huo na taa za gari. Taa zikishushwa, kama inavyopasa mnapopishana na wengine, huonyesha vizuri mita 40 hadi 60 hivi. Anayekimbia kilomita 100 akiwa ameshusha taa anaendesha kuingia mahali ambapo bado hajapaona, kwa sababu kusimama kwake kunahitaji mita karibu 100. Kwa taa zilizoshushwa, mwendo unaolingana na kuona ni wa kilomita 60 hadi 70. Na akiona matawi ya miti yamelazwa kwenye lami, asiyapuuze hata kidogo. Mnayajua wote mnaopita njia hiyo: mtu ameharibikiwa na lori mbele, na badala ya pembetatu ya kung'aa ametumia alichokipata porini.

Neno kuhusu matrafiki wenye tochi. Vibao vya kilomita 50 vimewekwa mahali watu wanapoishi kando ya barabara, na watu hao hawaondoki usiku. Usiku wa kuelekea Krismasi wanatoka kwenye ibada, wanatoka vilabuni, wanavuka na watoto, na wengine wamo juu ya baiskeli isiyo na taa. Kijiji kisichokuwa na trafiki saa 7 usiku kinahitaji mguu mwepesi kuliko kile chenye trafiki mchana, kwa kuwa huko gizani anayevuka haonekani.

Sasa nikuulize wewe, mwanangu, kwa upole lakini bila kuzunguka: kwa nini mabegi yakae kwenye viti na watoto wasikae? Hapa mwenye uwezo wa kubadilisha ni wewe, bila kusubiri ruhusa ya mtu. Mtoto wa kilo 12 akiwa mapajani mwako, gari likiwa na mwendo wa kilomita 50 tu kwa saa na likigonga kitu likasimama ndani ya nusu mita, atavutwa mbele kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 200. Hakuna mikono ya mama duniani inayoweza kuushikilia uzito huo, hata mama awe na upendo kiasi gani. Na kama wewe mwenyewe hukufunga mkanda, mwili wako utamsukuma yeye dhidi ya dashibodi. Shirika la Afya Duniani limekuwa likieleza kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani kote, na mwanao mkubwa, yule anayelala juu ya mabegi, ameshaingia katika umri huo.

Nunueni kiti cha mtoto kwa ajili ya mdogo na kifungwe kwenye kiti cha nyuma. Ukinunua cha mtumba, hakikisha hakijawahi kuwa ndani ya gari lililopata ajali, hakina nyufa, na mikanda yake inajifunga na kubana vizuri. Mkubwa akae nyuma wima na mkanda wake, na kwa kuwa mkanda wa mtu mzima humpita shingoni mtoto wa miaka saba, anahitaji kiti cha kumwinua ili upite begani na chini kwenye nyonga. Mizigo itangulie. Mabasi ya mikoani hupokea mizigo kila siku, na ndugu wa Rombo anaweza kuupokea siku moja kabla hamjafika. Kitakachobaki kwenye gari kikae chini kabisa nyuma ya viti, kwa kuwa ndoo ya mafuta ya kula iliyowekwa juu ya mabegi huruka mbele gari likisimama ghafla.

Mizigo inanileta kwenye matairi, nami nitapita haraka. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja kupita kiasi kila linapozunguka, hupata joto, na gari likiwa limejaa na lami ina joto, hupasuka. Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, ambako mara nyingi kuna kipimo cha gari tupu na kingine cha gari lililojaa. Atazame pia tarakimu nne za mwisho katika maandishi yanayoanza na DOT ubavuni mwa tairi: mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa, hivyo 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014, na tairi la umri huo lisiende safari hata kama linaonekana jipya dukani kwa muuza mtumba. Tairi kipara nalo halifai, hasa kwa kuwa mvua za vuli huweza kuendelea hadi Desemba na lami iliyolowa huongeza sana umbali wa kusimama. Likipasuka mkiwa njiani, dereva asikanyage breki kwa nguvu. Ashike usukani kwa mikono miwili, aachie mafuta, aliache gari lipungue mwendo lenyewe, kisha alitoe pembeni.

Nirudi kwenye swali lako la kwanza, la namna ya kuzungumza naye. Usilizungumze tena ndani ya gari. Mtu aliye nyuma ya usukani akiambiwa anakosea mbele ya watoto wake hujitetea kwa mguu, na hilo umeshaliona. Na katika jambo moja mumeo hakukosea: kupiga kelele katikati ya kupita gari kunaweza kumvuruga dereva katika sekunde ambayo anahitaji akili yake yote. Kelele yako ilitoka kwenye hofu ya kweli na sikulaumu, lakini nataka hofu hiyo itangulie wiki kadhaa kabla ya safari. Chagua jioni tulivu, ameshakula, watoto wamelala. Usianze na lile basi la mwaka jana. Anza na safari ijayo: "Baba fulani, naomba mwaka huu tuipange safari pamoja." Mweleze hesabu ya saa 17, na mwache ahesabu mwenyewe kuanzia alfajiri, kwa sababu namba aliyoipata mtu kwa vidole vyake haibishani na heshima yake. Halafu mwambie ulichokiona karibu na Same, kwa maneno machache, bila kumwita mzembe.

Mama mkwe wako usimwone kuwa kizuizi. Yeye ndiye anayeshikilia upande mmoja wa ratiba hii, kwa sababu mwanawe anakimbilia chai yake. Mpigie simu, umwamkie vizuri, usimshtaki mumeo, umwombe jambo dogo: ampigie mwanawe na kumwambia kwamba atawapokea jioni kwa furaha ileile, na kwamba hataki wajukuu wake waendeshwe usiku. Sijui mama wa Kilimanjaro anayeweza kukataa ombi hilo. Maneno hayo yakitoka kwake, mumeo atakuwa ameruhusiwa na mtu anayemheshimu kuliko wote asiwahi kufika. Ikiwa bado ataona ugumu, mshenga wenu yuko kwa ajili ya mambo kama haya, au kaka yake mkubwa ambaye naye huendesha njia hiyo.

Mkubaliane pia kazi yako ndani ya gari, ili usiwe abiria wa kuogopa tu. Simu yake ikae kwako, na wewe ndiye utakayezipokea za ndugu wanaouliza mmefika wapi. Wekeni neno moja, kwa mfano "tupumzike", ambalo ukilisema yeye atasimama kwenye kituo kinachofuata bila mjadala, na wewe ahidi kutolitumia ovyo. Kuhusu leseni, jifunze udereva mwaka ujao kama uwezo upo, ila usishike usukani wa njia kuu ukiwa mgeni wa gari kwa sababu tu mumeo amechoka.

Swali lako la mwisho nalijibu bila kusita. Si vibaya kukataa. Kama mtazungumza, mama mkwe au mshenga akaingilia, na mumeo bado akasisitiza kuondoka saa 2 usiku baada ya kutwa nzima kazini, basi wewe na watoto pandeni basi la mchana, mwambie mapema na kwa staha, na mkutane naye Rombo. Mwambie kwamba hukatai kwenda kwao, unakataa saa ile tu. Mabasi ya mikoani yamefungwa vifaa vya kufuatilia mwendo vinavyosimamiwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, na mabasi kwa sheria hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Hata hivyo chagua viti vyenye mikanda inayofanya kazi na kila mtoto awe na kiti chake. Omba tu kwamba naye asisafiri usiku peke yake, maana dereva aliyechoka asiye na mtu wa kumwita kwa jina yuko katika hatari kubwa zaidi.

Lakini natumaini hamtafika huko, kwa sababu safari ya mchana inawezekana kabisa. Alale kuanzia saa 3 usiku, muondoke saa 12 asubuhi kukiwa kumepambazuka, msimame kila baada ya saa mbili, kwa mfano Chalinze, Segera, Mombo na Same, dereva ashuke anyooshe miguu, na chakula cha mchana kiwe chepesi kwa kuwa mwili hudai usingizi tena kati ya saa 8 na saa 10 mchana. Mkichelewa na giza likaanza kuingia, laleni Same au Moshi mjini. Gharama ya nyumba ya wageni ya kawaida ihesabiwe kwenye bajeti ya safari tangu mwanzo, ili siku hiyo isionekane kuwa hasara. Yote haya yanahitaji siku moja zaidi ya likizo, na hapo ndipo pa kuanzia wiki hii: mwombe apeleke barua ya ruhusa kazini mapema, kwa kuwa ikifika katikati ya Desemba kila mfanyakazi mwenye kwao atakuwa anaiomba siku hiyohiyo.

Shangazi